Kuotea Siku ya Mwisho

Msimu ule ulianza kwa jino la mwamuzi. Ligi kuu ilikuwa changa bado, mechi za mwanzo mwanzo tu, mwamuzi mmoja akatoka uwanjani na kupigwa jiwe mdomoni, jino la mbele likabaki kwenye lami karibu na tairi la basi. Mwenyewe alilifanyia mzaha. Aliwaambia wenzake kwamba afadhali, sasa kipenga kimepata mlango wake. Waamuzi wote walicheka, na mwanamke mmoja aliyekuwa kati yao naye alicheka, ila aliacha kabla yao.

Mwanamke huyo mtaani kwake walimwita Kibendera. Siku za kazi alikuwa mwoka mikate: alikanda unga, alipaka mafuta makopo, alichomoa trei za moto tanurini mpaka vinyweleo vya mikono vikaisha kabisa. Mwisho wa wiki alivaa kaptula nyeusi, akakimbia pembeni mwa uwanja na kibendera mkononi, mwamuzi msaidizi wa ligi kuu, mmoja wa wanawake wachache waliofika huko. Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi kama unyoya. Mpira ukitoka, onyesha. Mtu akiotea, nyanyua. Lakini mwamuzi wa kati anakaa katikati, mbali na watu. Mshika kibendera mgongo wake uko kwa watu muda wote. Nyuma yake kuna waya, na nyuma ya waya kuna vinywa. Matusi alishayazoea, mengine alikuwa anayasimulia nyumbani watu wacheke. Kilichomtisha tangu siku ya lile jino ni ukimya. Matusi yakikoma ghafla nyuma yake, kisogo kilimsisimka, maana mtu anayelenga huwa hasemi.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake na binti yake mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuja na kuondoka. Nyumba yao ilikuwa katikati ya mtaa wa Siafu, timu ya jezi nyekundu iliyoiva, na pale hukuulizwa unashabikia nani kama usivyoulizwa unapumua nini. Mama mkwe alikuwa Siafu tangu usichana wake. Mwanawe wa mwisho, shemeji yake Kibendera, ndiye aliyepiga ngoma jukwaani kila mechi. Alianza kwa kupiga debe la mafuta kabla hajapata ngoma ya kweli, na jina likamganda: Debe.

"Siku utakayoinua kile kitambaa chako juu ya Siafu wangu," mama mkwe alikuwa akimwambia huku akipepeta mchele, "chumvi ya nyumba hii utaionja kwa jirani."

"Nitahamia hukohuko kwa jirani, Mama. Nasikia anapika vizuri."

"Nenda! Na mumeo umchukue."

Utani huo haukuwa na miiba, kwa sababu kamati ya waamuzi haikuwa imempa hata mechi moja ya Siafu. Ukaendelea hivyo mpaka Siafu wakaanza kuteleza.

Timu kubwa ikianguka haianguki kama jiwe, inaanguka kama nyumba ya udongo, kipande leo, kipande kesho. Kocha wa kwanza alifukuzwa. Wa pili aliondoka mwenyewe, tena kwa mlango wa nyuma. Mzunguko wa pili ulipofika nusu, Siafu walikuwa mkiani, na mtaa ukanuna. Kinyozi alizima televisheni yake iliyokuwa haizimwi. Watu waliokuwa wakitaniana dukani sasa walichukua mkate wao bila hata kusema asante. Jioni moja, baada ya kufungwa nyumbani, mashabiki walivunja vioo vya basi la wachezaji wao wenyewe, na kipa akahamisha familia yake. Debe alifika kwa mama yake siku hiyo na mkono umechanika.

"Nani kakukata?" mama yake alimuuliza.

"Kioo."

"Kioo kilikufuata, au wewe ulikifuata?"

Debe alinyoosha mkono ufungwe. Kibendera ndiye aliyemfunga kitambaa, na alipokuwa akifunga aliona shemeji yake anatetemeka. Alifikiri ni maumivu. Baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba Debe naye alikuwa ameanza kuwaogopa watu aliokuwa anawapigia ngoma.

Ikabaki mechi ya mwisho, Siafu nyumbani dhidi ya Mwewe. Hesabu ilikuwa ya mtoto wa chekechea: wakishinda wanabaki, wakitoka sare wanashuka daraja. Siku moja kabla, Kibendera alikuwa bado kwenye unga pale katibu wa kamati ya waamuzi alipompigia simu. Mshika kibendera aliyepangwa alikuwa ameteguka goti. Ingia wewe.

"Mzee, ile mechi siiwezi," alisema, simu kaibana kwa bega. "Nakaa mtaa wao. Mama mkwe wangu ni mwanachama wa Siafu."

"Tangu lini mwamuzi akawa na mama mkwe?"

"Mzee, nakuomba."

"Sikiliza, binti yangu. Wawili niliowapigia kabla yako simu zao zimezimwa ghafla, zote mbili. Wewe ukikataa nitasimama mbele ya nani tena nikasema wanawake wapewe mechi kubwa? Watanicheka."

Kibendera alitazama mikono yake, nyeupe mpaka kwenye viwiko. Alijua kukataa ni kwa siku moja, lakini kukataliwa kungekuwa kwa maisha. Akakubali, akarudi kwenye unga.

Nyumbani alimwambia mama mkwe akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mama mkwe aliendelea kukoroga chungu kwa muda.

"Basi usiniambie neno jingine," alisema hatimaye. "Wala mimi sitakuambia. Kula, ukalale."

Debe, ambaye mama yake alishampa habari usiku uleule, alikuja asubuhi yake. Alimkuta Kibendera akipiga pasi jezi ya uamuzi, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajichekesha.

"Shemeji, leo macho yako yakiingia vumbi kidogo hakuna atakayekulaumu. Uwanja wetu una vumbi sana."

"Debe, usinifanyie hivyo."

"Natania." Kisha akaacha kucheka. Akasogea, sauti akaishusha kwa sababu mtoto alikuwa anachora sakafuni. "Sitanii. Wale watu hujawaona wanavyoongea sasa. Mimi mwenyewe nikiwaambia tulieni wananiangalia vibaya. Ingia, kimbia, mkono wako uuweke chini. Mengine mwachie mwamuzi wa kati."

"Na mtu akiotea?"

Debe aliinuka. "Mungu asaidie asiotee," alisema, akatoka.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Kipindi cha kwanza Mwewe walifunga, na uwanja ukapiga kelele kama mtu aliyechomwa. Siafu walisawazisha baada ya mapumziko. Kuanzia hapo hakukuwa tena na mpira wa kuangalia, palikuwa na vita ya miguu tu, Siafu wote wamepanda, Mwewe wote wamerudi, na ngoma ya Debe inapiga bila kupumzika nyuma ya goli. Kibendera alikimbia sambamba na beki wa mwisho wa Mwewe kama kivuli chake. Hakusikia uchovu. Alisikia mgongo wake tu, mgongo mzima, kama umevuliwa nguo.

Dakika za nyongeza zilikuwa zinaishia. Kiungo wa Siafu alipata mpira, akainua kichwa, akaupenyeza katikati ya mabeki. Mshambuliaji wao alikuwa tayari amechomoka. Kibendera aliuona mguu wa kiungo unagusa mpira, na palepale akamwona mshambuliaji: bega, goti na kifua vimeshampita beki wa mwisho. Hakuna mtu mwingine nyuma ila kipa. Mshambuliaji alipiga, wavu ukatikisika, na uwanja wote ukapasuka kwa furaha. Watu walikumbatiana, wengine walianguka kutoka ukutani wakicheka.

Mkono wake ulikuwa tayari juu.

Hakukumbuka kuuinua. Aliuona tu uko pale, na kitambaa kinapepea. Kelele zilikatika upande wake kwanza, kisha ukimya ukazunguka jukwaa kwa jukwaa mpaka ukamaliza uwanja. Ngoma nayo ikanyamaza. Mwamuzi wa kati alimjia mbio, wachezaji wa Siafu wakimvuta jezi, uso wake umepauka.

"Una uhakika?" alimuuliza, kinywa karibu na sikio lake.

"Nina uhakika."

"Dada, fikiri. Una uhakika kabisa?"

Alijua anachoombwa. Pale pale palikuwa na mlango, na kupita kulikuwa rahisi: angesema tu "nadhani." "Ameotea," alisema. "Alishampita."

Goli likafutwa. Kipenga cha mwisho kililia muda mfupi baadaye, na jiwe la kwanza lilitangulia mwangwi wake.

Polisi waliwaingiza chumbani chini ya ngao. Chumba kilikuwa na benchi, bomba linalovuja na dirisha dogo la juu ambalo mtu alikuwa ameshalivunja. Walikaa sakafuni, waamuzi wote, migongo ukutani, wakisikia mlango wa chuma ukipigwa mateke. Hakuna aliyetania. Walipotolewa, walilazwa kwenye sakafu ya gari la polisi na kufunikwa turubai. Gari lilipoacha kurukaruka na mawe yakaacha kugonga bodi, askari mmoja aliinua turubai.

"Wenzako tunawapeleka hoteli. Wewe dada tukupeleke wapi?"

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Binti yake. Alimtajia askari mtaa.

Askari alimtazama kama hakusikia vizuri. "Unakaa mle?"

"Mwanangu yuko mle."

"Dada, nikiingiza hili gari mle sasa hivi ni sawa na kuingiza kiberiti kwenye pipa la petroli. Watu wakipoa tutaenda."

"Wakipoa saa ngapi?"

Kibendera akaomba ashushwe kiwanda cha mikate, akashushwa. Bosi wake, mama mmoja mnene asiyependa mpira wala wapenda mpira, alimfungulia mlango, akamwona alivyo, akamvuta ndani. Alimpa gauni la kazi, aproni na kilemba. Kisha akamtwisha trei ya mikate iliyofunikwa kitambaa.

"Mwenye mzigo kichwani hakuna anayemwangalia usoni," alisema. "Nenda polepole. Ukikimbia wamekujua."

Jua lilikuwa linazama alipoingia mtaani. Palikuwa kama msibani. Watu wamekaa vizingitini, wengine wanalia waziwazi, tairi linaungua kwenye makutano ya njia. Alitembea, shingo imekakamaa, akipita watu waliomjua kwa jina. Mbele ya duka la kinyozi mtu aliyevaa jezi nyekundu alimkamata mkono.

Alikuwa analia. Alichukua mkate mmoja kutoka kwenye trei, akaukumbatia tu, hakuula.

"Tumeshuka, dada."

"Pole," alisema Kibendera.

"Goli halali kabisa. Yule mwanamke, yule... Twende, wote wako kwake sasa. Twende ukaone."

"Acha nipeleke mikate kwanza."

"Haya." Mtu yule alimwachia mkono, akajipangusa machozi kwa jezi. "Uje lakini."

Miguu ilimpeleka yenyewe. Kona ya mwisho aliipinda na kuwaona: njia nzima imejaa, migongo mitupu na jezi, na mbele ya kile kichaka cha watu, kwenye kizingiti cha nyumba yake, mama mkwe amekaa kwenye kigoda. Naye alikuwa amevaa jezi yake ya Siafu, ile iliyopauka kwa kufuliwa. Debe alikuwa amesimama hatua chache mbele yake, ngoma shingoni, anajaribu kusema na watu.

"Mtoeni!" mtu alipiga kelele.

"Hayupo," alisema mama mkwe. "Na angekuwepo msingempata. Mimi nililia Siafu walipofungwa kabla baba zenu hawajaota ndevu. Leo nimelia pia. Nani kawaambia kilio kinaponywa kwa kuvunja nyumba ya mtu? Nendeni makwenu."

"Kizee kimehongwa hicho!"

Wengine walimzomea aliyesema hivyo, wengine wakacheka, na kwa muda mfupi ilionekana kama watu watalegea. Ndipo jiwe likaruka kutoka nyuma. Liligonga dirisha la chumba cha ndani. Kioo kilimwagika, na kutoka ndani mtoto akapiga ukelele.

Kibendera alisahau ushauri wa bosi wake. Alikimbia. Trei ilidondoka, mikate ikatawanyika miguuni mwa watu, kilemba kikamtoka, na alipofika kizingitini akageuka kuwakabili wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa amemgusa. Walikuwa wameduwaa. Walikuwa wamemtafuta jioni nzima, na sasa amepita katikati yao.

"Ndiye huyo," mtu alisema, kwa sauti ya kawaida tu.

Debe aliingia kati, mikono ameitanua. "Jamani, jamani! Huyu ni shemeji yangu. Mke wa kaka yangu. Nawaombeni."

"Shemeji yako?" Aliyeuliza alikuwa kijana aliyekuwa akisimama naye jukwaani kila mechi. "Kwa hiyo ulijua tangu jana ndiye anayekuja. Ukanyamaza."

"Si hivyo..."

"Mmekula wote!"

Hakuna aliyetoa amri. Walimwangukia Debe kama siafu wanavyoangukia panzi, na ngoma ilisikika ikipasuka. Kibendera na mama mkwe hawakusemezana. Waliinama, wakajitosa katikati ya miguu, mmoja akashika mkono na mwingine shingo ya jezi, wakamburuta. Mama mkwe alikuwa anapiga watu kwa kigoda na kuwataja kwa majina ya mama zao, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo Kibendera hakuwahi kuisikia. Wachache walirudi nyuma. Nafasi ilitosha. Mlango ukafungwa, komeo likaingia.

Walisukuma kitanda mlangoni. Wakakaa chumba cha nyuma, sakafuni, Debe amelazwa, bega lake limekaa mahali ambapo bega halikai. Mtoto alikuwa chini ya meza, mzima, vipande vya kioo kwenye nywele. Kibendera alivitoa kimoja kimoja. Nje mlango ulipigwa, ukaachwa, ukapigwa tena. Mtu alisema leteni moto. Mwingine akasema kuna mtoto, bwana. Wakabishana. Ndani walisikiliza yale mabishano kama mgonjwa anavyosikiliza madaktari, wasijue nani atashinda.

"Shemeji," Debe alisema, macho amefumba. "Niambie ukweli. Aliotea?"

"Aliotea."

"Kidogo?"

"Bega, goti na kifua."

Debe alivuta pumzi, ikamuuma. "Punda yule," alisema. "Kwa nini hakusubiri?"

Mama mkwe alimziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu nje palikuwa pamenyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko mechi nzima. Kibendera alimlalia mtoto wake, akauelekezea mlango mgongo, akisubiri. Hakuna kilichokuja. Waliomtetea mtoto walikuwa wameshinda, au watu walichoka tu, au njaa iliwashika. Askari walipofika hatimaye walikuta njia tupu, mikate imekanyagwa, na jirani mmoja anafagia vioo bila kuambiwa na mtu.

Mumewe aliporudi safari walihama, upande wa pili wa mji. Mama mkwe aliapa kwamba hatoki mtaa wa Siafu ila kwa jeneza, kisha siku ya kuhama akawa wa kwanza kupanda gari la mizigo. Debe alikaa nao mpaka bega likaunga, likaunga vibaya, na hakurudi tena jukwaani. Vijana wawili watatu kati ya waliompiga walikuja kumwomba msamaha. Aliwapokea, akawapa viti, na walipoondoka alijifungia chooni muda mrefu.

Katibu wa kamati alipiga simu msimu mpya ulipokaribia. Hakumlazimisha. Alimwambia kazi yake ipo, akiitaka.

Akaitaka, au alifikiri anaitaka. Mechi ya kwanza ilikuwa ya timu mbili ndogo, uwanja nusu tupu. Mshambuliaji aliotea waziwazi, na mkono wa Kibendera ukagoma. Ulikaa chini kama umeshonewa kwenye kaptula, na yeye akausubiri, na katika kusubiri akawa anasikiliza nyuma yake. Kisha ukapanda, umechelewa. Watu walizomea kidogo, mchezo ukaendelea.

Alimsimulia mama mkwe siku ileile, wakimenya viazi.

"Lakini mkono ulipanda?"

"Ulipanda, Mama. Lakini niliogopa."

"Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," mama mkwe alisema. "Ukitaka kuacha, acha, hakuna wa kukucheka humu ndani. Ila usiache kwa sababu unangoja hofu iishe. Mimi bado nasogeza kitanda mlangoni, hujaniona?"

Alikuwa amemwona. Hakuacha. Wiki iliyofuata alipangiwa mechi nyingine, kubwa zaidi. Majirani wapya walimjua kama mwoka mikate, basi nguo zake za uamuzi alizikunja ndani ya kapu na kufunika kwa taulo. Binti yake, ambaye siku hizi halali tena chini ya dirisha, alikuja kukaa miguuni pake wakati anafunga viatu.

"Mama, leo utanyanyua?"

"Ikibidi."

"Usinyanyue."

Kibendera alimaliza kufunga kiatu kimoja, akaanza cha pili. Alimbusu utosini, akachukua kapu lake, akatoka, na mtoto akasimama mlangoni mpaka mama mkwe alipokuja kumwingiza ndani na kufunga komeo.